Siku nane za magunzi na pumba

Siku ya kwanza, Jumatatu. Iringa mjini hadi Kidabaga

Wiki mbili zilizopita mama alinipigia simu akasema kinyungu kimemgomea. Hakusema mahindi yameharibika wala udongo umechoka. Kimemgomea, kama ng'ombe anayekataa kuvuta jembe. Steshenari yangu mwezi huu wa Agosti imelala usingizi, nikamwachia kijana funguo, nikapanda Noah kuelekea Kilolo.

Kwa msomaji asiye wa huku: kinyungu ni shamba la bondeni, kwenye tindiga (kinamasi) au kando ya kijito, linalolimwa kiangazi wakati mlimani kumekauka. Unakata majani, unageuza udongo, unainua matuta, unaacha mifereji katikati. Mimi karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mahindi mabichi ya kinyungu, yaliyouzwa wakati watu wa mlimani ndiyo kwanza wanatafuta mbegu. Kwa hiyo kinyungu kikigoma, huwa sichukulii kama utani.

"Kamwene," mama akaniitikia, na kabla sijatua begi tukateremka bondeni.

Matuta ya juu yana afya. Ya chini, manane hivi, mahindi yamefika magotini yakasimama hapo, kingo za majani zina rangi ya zambarau. Kwenye mfereji maji yana utando unaong'aa rangirangi, ukiuona utadhani pikipiki imemwaga oili. Nikachukua kijiti nikaugusa. Utando ukavunjika vipandevipande kama kioo chembamba, na vipande havikurudiana. Oili ingerudi kuungana. Hiki ni chuma kinachotoka kwenye udongo uliokosa hewa, na chini ya utando kuna matope mekundu ya kutu.

Mjomba wangu, bwana shamba mstaafu aliyeko Uyole, Mbeya, alishanieleza kwa simu: udongo wa huku ni wa zamani, mvua imeusuuza miaka na miaka, umebaki mchachu. Ukiwa mchachu hivyo, fosforasi inashikwa na chuma na alumini, mmea unabaki unaililia, na ile zambarau ndiyo kilio chenyewe. Dawa aliyonitajia, mbali na chokaa, ni bayocha. Ni mkaa uliotengenezwa kwa mabaki ya shamba kwenye hewa kidogo. Huo haupikiwi, unazikwa. Unapunguza uchachu, na vile vitundu vyake vidogo vinashika maji na mbolea. "Anza na magunzi," alisema, "halafu njoo Uyole nikuone."

Siku ya pili, Jumanne. Kidabaga

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuchimba shimo. Kazi ngumu ilikuwa kumwomba mama magunzi.

"Ya nini?"

"Ya kuchoma, mama. Ni taka tu."

Akaniangalia. Magunzi yamepangwa kwenye viroba vya salfeti ukutani mwa jiko, na Agosti ya Kidabaga, kwa baridi ile na ukungu hadi saa nne, magunzi ndiyo moto wake wa asubuhi. Taka ni neno la mtu wa mjini. Nikajaribu mabua: mabua ng'ombe wa jirani waliyamaliza Julai, tena kwa makubaliano, kwa sababu samadi inayorudi kwenye bustani ya mama ndiyo malipo yake. Majani ya maharage ni ya mbuzi. Mwisho akanipa viroba vitano vya magunzi, kwa sura ya mtu anayemkopesha ndugu asiyelipa.

Shimo lina umbo la bakuli: upana mita moja na nusu juu, kina kama mita moja, kuta zinateremka hadi chini pembamba. Ubora wa shimo la namna hii ni kwamba halihitaji bati wala fundi. Unawasha vijiti vikavu chini kabisa. Moto ukishashika unaweka tabaka la magunzi. Linawaka, na pale tu linapoanza kuvaa unga mweupe wa majivu juu, unaweka tabaka lingine. Moto wa juu unakula hewa yote inayoshuka, ya chini yanabaki yanaiva bila kuungua. Mwanzo kulikuwa na moshi wa kuliza watu, lakini moto ulipochangamka moshi ukakatika kabisa, ukawa unaunguzwa na ndimi zenyewe. Watoto wa jirani wakaja na viazi. Nikawafukuza mara mbili, mara ya tatu nikala nao.

Gunzi likiwa linaiva ni kitu cha kuangalia. Linakuwa jekundu, halafu jeusi, lakini vijishimo vyote ambamo punje zilikaa vinabaki vilevile, mstari kwa mstari. Ukiligonga na jingine lina sauti ya kigae.

Saa kumi jioni shimo likawa limejaa robo tatu. Mjomba alisema nizime kwa maji mengi. Maji yako bondeni, na mimi nilishabeba ndoo moja nikaona kilima kilivyo. Nikafukia kwa udongo.

"Umezima?" mama akauliza.

"Nimefukia."

Hakusema kitu.

Siku ya tatu, Jumatano. Kidabaga hadi Mafinga

Majivu. Nilifukua asubuhi nikakuta joto la kuoka mkate, na majivu ya kijivu yenye vipande vyeusi vya kujaza ndoo moja. Udongo niliorusha ulikuwa na mabonge, hewa ikapita usiku kucha. Viroba vitano!

Mama alikuja na ungo akayachota majivu yote bila haraka. "Haya," akasema, "nilikuwa nayapata jikoni bila kuchimba shimo."

Nikaondoka mchana. Iringa nikabadilisha gari, Mafinga nikafika jioni.

Siku ya nne, Alhamisi. Mafinga hadi Igurusi

Mafinga nilikuja na wazo zuri: Sao Hill ni shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, viwanda vya mbao vimejaa, basi lazima mabaki yamejaa vilevile. Yamejaa kweli. Lakini mabanzi, yale magome yenye mbao kidogo, yana bei na wateja wanaosubiri foleni: wachoma matofali, mama ntilie, wajenzi wa mabanda. Kisichotakiwa ni unga wa mbao, vilima na vilima, na huo hauchomeki kwenye shimo. Ukiumwaga juu ya moto unauzima kama mchanga. Asubuhi hiyo nilizunguka Mafinga kwa saa tatu tu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kutafuta chai iliyo moto kweli.

Kosta ikapita Makambako, ikaacha barabara ya Njombe kushoto, ikaanza kuteremka. Hapo ndipo ninapopenda barabara hii. Unavua koti, dakika chache baadaye unavua sweta, ukifika Igawa unajuta kuvaa soksi. Kushoto milima ya Kipengere imesimama kama ukuta, kulia Usangu imelala tambarare hadi macho yanachoka. Maji yote ya ukuta ule yanateremkia huku, yanaingia mashamba ya mpunga ya Mbarali, yanayobaki yanafika tindiga la Ihefu, ndipo Ruaha Mkuu anaendelea kwenda hifadhini, Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Abiria wa pembeni yangu, mfanyabiashara wa vitunguu, alisema wafugaji waliondolewa Ihefu mwaka 2006 na mto bado unakatika. Nyuma yetu mtu akamjibu kwamba basi waondolewe wenye mpunga. Kosta nzima ikachangia hadi Chimala. Sikutia neno, mimi mwenyewe natoka kwa watu wanaolima tindiga.

Igurusi unaisikia kabla hujaiona: mashine za kukoboa. Nyuma ya kila mashine kuna bomba linalotapika pumba, na chini ya bomba kuna mlima wa rangi ya dhahabu unaofuka moshi. Katika kila kilo 100 za mpunga, kilo 20 hivi ni pumba ngumu, na ng'ombe hawazitaki kwa sababu zimejaa silika, ile ile inayotengeneza mchanga. Nikasema hapa sasa nimefika kwenye taka ya kweli.

Si kweli kabisa. Fuso mbili zilikuwa zinapakia za matofali. Lakini mlima ni mkubwa, wenye mashine wanafurahi upungue, na nyuma kabisa nilimkuta kijana anayefanya kazi ileile niliyokuja kuitafuta. Anazichoma pumba anawauzia wenye vitalu vya parachichi, wanazichanganya na udongo wa kuotesha miche. Hajui neno bayocha. Anaziita pumba nyeusi.

Shimo langu lisingefaa hapa, pumba zinalala zikibanana na moto unakosa pa kupumua. Yeye ana bomba la bati la urefu wa kifua, limetobolewa matundu ya msumari kuanzia chini hadi nusu. Analisimamisha, anawasha vijiti ndani yake, halafu anamwaga pumba kulizunguka hadi linabaki limechomoza kidogo kama kofia. Moto uko ndani ya bomba tu, pumba zenyewe hazishiki ndimi, zinaiva kwa joto. Baada ya kama saa moja madoa meusi yakaanza kutokea mgongoni mwa kilima, kama ukungu kwenye ukuta. "Sasa," akasema, akashika beleshi akaanza kugeuza, za nje ndani, za ndani nje, bila kupumzika. Aliniwekea kitambaa puani, vumbi lake ni baya kifuani. Kilima kizima kilipokuwa cheusi akakitandaza akamwaga maji, debe baada ya debe, na mvuke ukatufunika wote wawili.

"Mwenzio ukichelewa hapa dakika kumi tu," alisema, "zinakuwa nyeupe. Umepoteza siku."

Sikumwambia kuhusu Jumanne yangu.

Nikachukua pumba moja iliyopoa. Bado ina umbo lake, mtumbwi mdogo mweusi wenye mistari. Nikaiweka ulimini, ikanata. Ndivyo vitundu vinavyofyonza mate. Nikanunua viroba vinne.

Siku ya tano, Ijumaa. Uyole

Shikamoo ya mjomba haikumalizika, alishafungua kiroba anatumbukiza mkono hadi kiwikoni. Akanusa, akasugua kiganjani, akanawa kwa maji matupu bila sabuni. Mkono ukatakata. "Ingekuwa na mafuta-mafuta ningekurudisha nazo," akasema. Masizi yanayoganda mkononi ni dalili kwamba haikuiva, imebaki na lami ya moshi, na hiyo inaweza kuudhuru mche.

Uyole udongo ni mwingine kabisa. Umetokana na majivu ya volkano za Rungwe, ukichimba unakutana na vijiwe vyepesi vinavyoelea majini. Mjomba ana viazi na kabichi za kumtosha, na hana haja ya bayocha hata kidogo, jambo ambalo alinieleza kwa fahari. Lakini alifanya kazi mabonde ya Kilolo na Mufindi kabla ya kustaafu, na alikuwa na mambo matatu ya kunigombeza.

Kwanza, nisiizike ikiwa mbichi. Mkaa mkavu una njaa. Ukiuweka shambani jinsi ulivyo unashika naitrojeni iliyokuwa ya mmea na msimu wa kwanza mahindi yanageuka njano, mkulima anakutukana na ana haki. Ulishe kwanza: changanya na samadi, mwagia mkojo wa ng'ombe, funika majani, wiki mbili au zaidi.

Pili, hesabu. Alichukua kalamu. Kilo moja kwa kila mita ya mraba, ni tani 10 kwa hekta, tani 4 kwa ekari. Magunzi ukiyachoma vizuri yanakupa robo ya uzito wake. Kwa ekari moja unataka tani 16 za magunzi makavu. "Nitajie mtu Kidabaga mwenye tani 16 za magunzi asizozitumia." Nikacheka, yeye hakucheka. Kwa hiyo usimwage shamba zima, weka kwenye mstari au kwenye shimo la mbegu, mahali mzizi utakapopita, na panda palepale mwaka unaofuata. Mkaa haupotei, unakaa ardhini miaka mingi kuliko wewe.

La tatu alilisema amesimama. Udongo mweusi wa tindiga ni majani ya miaka elfu ambayo hayakuoza kwa sababu maji yaliyafunika. Ukichimba mfereji mrefu ukalikausha, hewa inaingia, ule weusi unaoza na kuondoka kama hewa, na shamba linadidimia. Umeshawahi kuona kinyungu kilichoshuka hadi mizizi ya mti inabaki juu? Nimeona. Basi mtu akikausha tindiga jipya ili azike mkaa, kaboni anayoipoteza ni kubwa kuliko anayoihifadhi. Bayocha ni ya kutibu matuta yaliyopo. Na akaniuliza kinyungu cha mama kiko umbali gani na kijito, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Nikasema ni mbali. Ukweli sikuwa nimepima.

Jioni alinisimulia kuhusu Wafipa wanaofukia majani kwenye vilima vyao vya ntumba na Wamatengo na ngoro zao, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, kwamba kuzika mabaki ya shamba si jambo tuliloletewa na mtu. Hapo nilikuwa nasinzia.

Siku ya sita, Jumamosi. Barabarani

Nilipata lifti ya lori la mchele. Viroba vinne juu ya turubai, dereva akiwa ameambiwa ni "mbolea".

Kwenye kizuizi kimoja, sitasema kipi, afisa akaona kidole cheusi cha mpakiaji.

"Huo mkaa una kibali?"

Nikamweleza si mkaa. Ni mkaa, ila si mkaa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo dereva alivyozidi kusogea mbali nami. Afisa akaagiza kiroba kishushwe, akakifungua, akachota mkono mzima wa mitumbwi midogo myeusi.

"Hizi ni pumba."

"Ndiyo, afande."

"Umezichoma."

"Ndiyo."

"Halafu unazipeleka Iringa."

"Kuzifukia, afande."

Alikaa kimya muda mrefu, akamwita mwenzake aje aangalie, wakaangalia wote wawili. Mwisho akafunga kiroba mwenyewe, kwa upole wa mtu anayemfunika mgonjwa, akatuambia twende. Dereva hakuzungumza nami hadi Makambako, kisha akacheka peke yake hadi Mafinga.

Siku ya saba, Jumapili. Kidabaga

Mama alitoka kanisani akakuta nimeshabeba ndoo ishirini na mbili kutoka bondeni, zimejaa pipa na kila sufuria ya nyumba. Hakuuliza. Alienda nyuma ya jiko akarudi na viroba viwili vya magunzi, vya mwisho, akavitua kando ya shimo.

Safari hii nilikaa nalo shimo bila kuondoka. Tabaka jembamba, subiri weupe, tabaka lingine. Saa tisa na nusu nikaanza kumwaga maji kutoka kingoni kwenda katikati. Ndoo tatu za mwanzo zilipiga kelele kama nyoka, za mwisho zikanyamaza. Mama akachukua ndoo ya ishirini na mbili mkononi mwangu akaimwaga yeye.

Meusi, yote. Tuliyaponda kwa mtwangio wa zamani yakiwa mabichi, vumbi lisiruke, hadi yakawa kama punje za mahindi.

Siku ya nane, Jumatatu. Kinyungu

Nilipima kwa hatua kutoka ukingo wa kijito: hatua tisini na mbili hadi tuta la kwanza. Nikamtumia mjomba ujumbe. Akajibu "Vema" bila zaidi.

Samadi ya jirani ilikuja kwa mkokoteni, mkojo kwenye madumu mawili. Tulichanganya pumba nyeusi, magunzi na samadi chini ya mti, tukafunika kwa majani makavu na turubai. Itakaa hapo wiki mbili, halafu itaingia matuta manne ya chini, yale yaliyozidiwa. Mama atang'oa mahindi ya zambarau apande maharage kwenye mistari. Manne yaliyobaki nilitaka yaachwe bila kitu, tulinganishe.

"Matatu," mama akasema.

Akapanda juu akarudi na ile ndoo ya majivu ya Jumatano, akaiweka kichwani mwa tuta la tano. Akachomeka vijiti: kitambaa cheusi kwenye manne, cheupe kwenye lile lake.

Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi nyumbani alisimama kupumua, akaangalia ukuta wa jiko pale magunzi yalipokuwa.

"Sasa mwanangu," akasema, "kesho asubuhi niwashie nini?"

Nimeahirisha kurudi mjini. Kesho naenda Mafinga kununua mabanzi.